Bwawa, Birika na Unga Mweupe

Alfajiri moja ya mwezi wa Aprili, katika nyumba moja ya Capri Point, jijini Mwanza, ambayo baraza yake yatazama ziwa, nilimkuta kijana mtunza bwawa ameinama ukingoni na wavu wake wenye mpini mrefu, anaopoa mizoga ya wale wadudu wadogo wa ziwani ambao huinuka juu ya maji mfano wa moshi wa nyika inayoungua, wakasukumwa na upepo hadi nchi kavu, wakavamia taa, vyungu na kila kitu chenye unyevu. Usiku ule walikuwa wamekufa kwa maelfu juu ya bwawa lile, wametanda kama pumba za mpunga. Na kabla jua halijapanda juu ya majabali ya mji, kijana alikuwa amekwisha kujaza ndoo mbili.

"Shikamoo, mzee," alisema pasipo kuacha kazi.

"Marahaba, mwanangu. Leo limekuja jeshi zima."

"Hawa ndio wanaonimalizia dawa, mzee. Wakifia humu, klorini yote inaishia kwao. Watoto wakiingia saa nne, maji hayana kitu."

Alitwaa kichupa cha kupimia chenye vyumba viwili, akateka maji kwa kuzamisha mkono hadi kiwiko, kwa kuwa maji ya juu hayasemi kweli ya maji ya chini. Akadondosha matone ya dawa katika kila chumba, akakiinua kichupa mbele ya anga jeupe na kufumba jicho moja. Chumba kimoja kiligeuka rangi ya waridi, ishara ya kuwa ukali wa maji ulikuwa wa kadiri. Cha pili, ambacho kilipaswa kuwa cha manjano, kilipauka kama chai iliyoongezwa maji mara ya tatu. Basi akapima unga mweupe kwa kikombe, akaumimina ndani ya ndoo iliyokwisha kutiwa maji, wala hakumimina maji juu ya unga, kwa sababu kinyume hicho huweza kumrukia mtu usoni. Akakoroga, akauzunguka ukingo akimwaga kidogo kidogo, uso ameuelekeza upande utokako upepo.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa ameketi barazani na kikombe cha kahawa, alishusha pumzi. Wajukuu wake huja kila likizo, na kila likizo hurudi kwao na macho mekundu na nywele zilizokakamaa kama katani. "Ndugu yangu," aliniambia, "wewe unasoma mambo mengi. Hivi hakuna kitu kingine cha kusafishia haya maji isipokuwa hii klorini?" Sikumjibu siku ile, kwa maana swali lake lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana; makala haya ndiyo jawabu langu.

Askari mwenye zamu mbili

Klorini si kitu cha jana. Mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitoa mwaka 1774 pasipo kutambua hasa alichokitoa. Mwingereza Humphry Davy akathibitisha mwaka 1810 kuwa ni elementi, akaipa jina. Na mwaka 1908 Jersey City, nchini Marekani, ikaanza kuitia daima katika maji ya mji, jambo ambalo miji mingi ya dunia iliiga, hata leo maji ya ziwa yanayosafishwa na mamlaka ya maji ya Mwanza, MWAUWASA, hapo Capri Point na kule Butimba hayaingii mabombani kabla hayajapewa fungu lake la klorini.

Sababu ya kudumu kwake ni moja, na asiyeifahamu atapotea katika kila duka la vifaa vya mabwawa. Klorini huua vijidudu inavyovikuta majini, kisha hubaki kuwangojea watakaokuja baadaye. Askari wa namna hii, apiganaye mchana na kukesha usiku kwa mshahara ule ule, hapatikani kwa wepesi; na kila kitakachopendekezwa kukalia kiti chake sharti kiulizwe maswali mawili: Je, waua? Je, wabaki?

Na mshahara wenyewe si mkubwa. Bwawa la nyumbani lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 huchukua lita 48,000 za maji. Kulipatia miligramu 2 za klorini kwa kila lita, kiasi kilicho katikati ya mpaka uliozoeleka wa 1 hadi 3, huhitaji gramu 96 tu za klorini halisi, nazo hupatikana katika takriban gramu 150 za unga wenye nguvu ya asilimia 65. Laiti hesabu ingeishia hapo, mama yule asingekuwa na la kulalamikia.

Walakini askari huyu ana maadui wawili. Wa kwanza ni jua, maana Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana laweza kuteketeza nusu ya klorini isiyo na kinga kwa muda usiotimia saa moja; ndiyo maana vidonge vingi hutengenezwa pamoja na asidi ya sianuri, iliyo mithili ya mwavuli, ingawa mwavuli huo ukizidi humpunguzia askari makali. Wa pili ni sisi wenyewe. Klorini ikikutana na jasho na mkojo huzaa kloramini, na kloramini ndiyo iletayo ile harufu ya kupanda puani na yale macho mekundu. Bwawa linalonuka klorini, kwa hiyo, aghalabu halina klorini ya kutosha. Lina uchafu mwingi ambao klorini yake imeshindwa kuumaliza. Wajukuu wa mama yule hawakuchomwa na dawa peke yake, bali na kile ambacho wao wenyewe, kwa utoto, waliichanganya nacho.

Wanaokitaka kiti

Wa kwanza kujitokeza ni chumvi, ambayo wauzaji huisifu kwamba ndiyo bwawa lisilo na klorini. Sifa hiyo haina insafu. Chumvi hutiwa majini kwa kiasi cha gramu 3 hadi 4 kwa lita, maana yake ni kilo 144 hadi 192 kwa bwawa letu la lita 48,000, kisha maji hupitishwa katika kisanduku chenye mabamba ya umeme, na umeme huo huivunja chumvi na kuzalisha klorini ile ile iliyokimbiwa. Faida ipo: klorini huja kidogo kidogo pasipo mtu kushika unga, na ngozi huyaona maji kuwa laini. Hasara nayo ipo, kwani umeme ukikatika uzalishaji husimama, vyuma huliwa na kutu, na maji ya kuosha chujio yakielekezwa bustanini huua migomba. Mwenye kununua na anunue, maadamu ajue kwamba amenunua kiwanda kidogo cha klorini.

Wa pili ni ozoni, gesi ambayo mji wa Nice, nchini Ufaransa, uliitumia kusafishia maji ya kunywa tangu mwaka 1906. Kwa swali la kwanza ozoni hushinda, kwa kuwa huua kwa kasi kuliko klorini. Kwa swali la pili huanguka, kwa kuwa hutoweka majini baada ya dakika chache, na haifai kuvutwa pumzi. Wa tatu ni miale ya urujuanimno, ambayo mji wa Marseille uliijaribu katika maji yake mwaka 1910. Maji hupita mbele ya taa iliyofungiwa ndani ya bomba, na mwanga usioonekana kwa jicho huharibu chembe za urithi za vijidudu, hata wale waitwao kriptosporidia, waletao kuhara, ambao klorini ya kawaida hushindwa nao kwa siku nyingi. Taa hii haina harufu, haiwashi macho, wala haihitaji zaidi ya kufutwa kioo chake na kubadilishwa baada ya mwaka hivi wa kuwaka. Ila hailindi lolote lililo nje ya bomba lake. Mtoto akikojoa upande wa kina kifupi saa tano, taa iliyo katika chumba cha pampu haina habari.

Wa nne ni shaba, pamoja na fedha, ambazo chembe zake huachiliwa majini kwa umeme mdogo. Wazee wetu waliijua shaba kwa sura ya mrututu, yale mawe ya buluu ya dukani, nao mrututu ulitumika kwa miaka mingi kule Misri na Sudani kuulia konokono wa kichocho katika mifereji ya kilimo. Shaba huutisha mwani na hubaki majini muda mrefu. Ila kwa bakteria ni mvivu, huhitaji saa nyingi mahali klorini ihitajipo dakika, na ikizidi hupaka vigae rangi na kuzifanya nywele nyeupe kuwa za kijani. Ama bromini, ambayo Waulaya huipenda katika mabwawa ya ndani, tusikawie nayo: jua huiteketeza, wala haina mwavuli wa kuifaa.

Wamebaki wawili wa nyumbani kwetu, shabu na mbegu za mlonge. Vyote viwili huyakusanya matope yaelekeayo kuelea, yakashikamana na kuzama, kiasi kwamba bwawa lililokuwa na ukungu jioni huweza kuonyesha vigae vya chini asubuhi. Ni kazi njema, lakini kuyafanya maji yawe maangavu si kuyafanya yawe salama, na unga wa mlonge huacha mabaki yanayooza ndani ya siku mbili. Shabu basi na itumike, kisha matope yafyonzwe yatolewe. Tusiidai kazi isiyokuwa yake.

Samaki wa birikani

Kabla ya klorini kufika, mwambao wetu ulikuwa na elimu yake ya maji yaliyotuama. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii hufundisha kwamba maji yakifikia kulateni, ambayo kwa makadirio ya wengi ni zaidi kidogo ya lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Na kwa kanuni hiyo misikiti ilijengewa mabirika ya kutawadhia yenye maji mengi. Katika nyumba za kale za Lamu birika lilijengwa ndani, na sakafuni mwake mwashi alizamisha bakuli la kauri kutoka China. Mgeni huliona bakuli hilo akadhani ni pambo. Samaki wadogo waliwekwa birikani kula viluwiluwi vya mbu, na maji yalipopungua, au birika liliposafishwa, bakuli lile liliwabakizia maji ya kuponea. Huo ndio utunzaji wa maji pasipo dawa, uliofanywa kwa kauri, samaki na fikira.

Ulaya ililifikia wazo lililo jamaa ya hilo katika miaka ya 1980, pale Waaustria walipoanza kujenga mabwawa ya kuogelea yasiyotiwa dawa, na mwaka 2015 mji wa Minneapolis, nchini Marekani, ukafungua la umma la namna hiyo. Siri yake ni kuligawa bwawa mafungu mawili: nusu ya kuogelea, na nusu ya changarawe na majani ya majini, ambamo pampu hupitisha maji polepole. Bakteria wema wanaoshika juu ya changarawe hula uchafu, mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi, na mwani, ukinyimwa chakula hicho, hufa njaa.

Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria hatuhitaji kwenda Austria kulishuhudia jambo hili. Mafunjo yamekuwa yakilifanya kwa karne nyingi. Kule Kampala, kinamasi cha Nakivubo kimepokea kwa miongo mingi maji machafu ya jiji kabla hayajafika katika Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huteka maji ya kunywa ya jiji lile lile. Na kadiri kinamasi kilivyolimwa na kujengwa, ndivyo kazi ya mitambo ilivyozidi ugumu na gharama. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimefanya utafiti na kusimamia ujenzi wa vinamasi vya changarawe na matete kwa ajili ya kusafishia majitaka hapa nchini. Elimu, kwa hiyo, tunayo; matete tunayo; changarawe, katika mji uliojengwa juu ya mawe, tunayo kupita kiasi.

Ziwa lina neno lake

Nilipofika hapa katika tafakari zangu nilikuwa karibu kumpelekea mama yule habari njema. Kilichonizuia ni konokono.

Pwani hizi za ziwa ni makao ya kichocho cha matumbo, na Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimekiandama kwa miaka mingi. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa, yakaanguliwa majini, vijana wake wakamwingia konokono, wakazaliana ndani yake, kisha wakatoka kwa maelfu kutafuta ngozi ya mtu, ambayo huipenya kwa dakika chache pasipo maumivu. Kanuni ya wanavyuoni ya rangi, ladha na harufu haimfikii adui huyu, maana hana hata moja ya hizo tatu. Maji yaliyo maangavu kama kioo huweza kuwa naye. Ila umri wake nje ya konokono ni mfupi, hauzidi siku mbili, na klorini ya bwawa lililotunzwa vema humwua.

Bwawa la majani, ambalo huko Austria husinzia miezi ya theluji, hapa kwetu halisinzii. Mwani hukua miezi 12, mbu hutaga miezi 12, na majani ya majini ndiyo nyumba na chakula cha konokono. Konokono peke yake hana kosa, kwa sababu hawezi kuambukiza asichoambukizwa. Walakini matete yaliyong'olewa ufukweni huja na konokono waliokwisha kubeba maradhi, na watoto wa jirani waogeleao ziwani asubuhi huja bwawani alasiri. Mwenye kuchukua wazo la Kizungu pamoja na matete ya ufukweni Igombe amejichimbia ziwa dogo mlangoni pake, na kila kilichomo ziwani kimemfuata.

Je, samaki wa Lamu hawezi kutuokoa? Lilijaribiwa jambo hilo. Miongoni mwa furu wa ziwa hili wamo wenye taya za kooni zenye nguvu ya kuvunja magamba, na mmoja wao, ambaye wataalamu humwita Astatoreochromis alluaudi, alipelekwa hata Kameruni ili awale konokono katika mabwawa ya samaki. Ikadhihirika kwamba samaki aliyelelewa kwa chakula laini hukua na taya nyonge, naye akikutana na konokono humwacha akatafuta kilicho rahisi. Samaki wa birikani alimaliza kazi yake kwa sababu kiluwiluwi ni laini. Konokono ni kazi ya aliyezoea shida.

Nasaha

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa mama yule na kwa wenzake wa Capri Point, Bwiru na Ilemela, ni hii. Katika mji ulio kando ya ziwa la kichocho, klorini haifukuzwi katika bwawa la watoto. Hupunguziwa kazi, ili iwe kidogo na itoshe. Kupunguziwa huko huanza na mambo yasiyouzwa dukani. Taa za bwawani zizimwe mapema katika siku za wadudu, maana wao hufuata mwanga, na maji yafunikwe usiku kwa turubai. Pampu na chujio la mchanga vifanye kazi saa 8 kila siku. Kwa pampu ya wati 750 hizo ni uniti 6 za umeme, na bwawa lililonyimwa uniti hizo huzidai kwa unga. Mwenye uwezo na aongeze taa ya urujuanimno baada ya chujio, iue kile ambacho klorini hukiona kigumu, kisha klorini aishushe mpaka miligramu 1 kwa lita, chini ya hapo asithubutu. Na avutaye maji ziwani moja kwa moja kwa pampu, ayahifadhi kwanza siku mbili kamili katika tangi lililofunikwa, lisilo na konokono, ili waliomo wafe kabla hawajapata ngozi.

Lililobaki ni kubwa kuliko yote, nalo nimelipata kwa kulitazama upya lile birika la kale. Maji yake hayakudumu safi kwa sababu ya samaki tu, wala kwa sababu ya wingi wake. Yalidumu kwa kuwa hakuna mtu aliyeingia ndani yake. Watu walisimama nje, wakateka kwa kata, na maji yaliyogusa miili yao yakamwagika mferejini yasirudi. Bwawa la kuogelea limeigeuza desturi hiyo: sisi wenyewe twatumbukia, na jasho la safari, mafuta ya nywele na vumbi la Mwanza twatumbukia navyo, kisha twailaumu dawa kwa kuwa kali.

Mama mpendwa, weka bomba la mvua na kipande cha sabuni kando ya bwawa lako, umwamuru kila mjukuu apitie hapo na chooni kabla hajagusa maji, kisha mwambie kijana wako apime tena kwa kichupa chake. Lugha yetu imekwisha kuyapanga mambo haya kwa tartibu yake: kuoga hutangulia kuogelea.